Mkono wa fishi haukati umeme

Kwenye karakana moja ya Kampemba, hapa Lubumbashi, kuna fishi nene ya umeme ambayo mkono wake wa kufungia umekazwa kwa waya wa kufungia nondo. Fishi, kwa ndugu zetu wa Dar na Nairobi, ni plagi. Ni ya mstatili, ganda lake la alumini, ndani ina meno manne makubwa yanayobeba amperi 80 na jino la ardhi. Ubavuni kuna mkono wa chuma unaozunguka na kunasa vipini viwili vya upande wa pili. Kipini kimoja kimelika kwa kuchakaa hadi mkono ukawa unateleza, ndipo ukatafutwa waya. Ndani, mpira wa kuzibia maji ulishatoka zamani na mahali pake pamewekwa kipande cha chubu ya baiskeli.

Mwenye karakana ana motor ya kusaga mahindi, kompresa na mashine mbili za kuchomelea. Mwezi uliopita aliniita tupange vifaa vipya. Yeye alitaka fishi zote za karakana ziwe za mkono: "Yaya (yaani mkubwa wangu), hii inafungaka na mukono moja tu, hata mutoto anaweza." Fundi wake wa umeme, mzee aliyestaafu migodini, hakutaka hata kusikia. Kwake, fishi ya mkono ni ya watu wenye ghala la vipuri. Mwenye karakana ya kawaida anunue zile nyekundu za mviringo, azikaze kwa pete, yaishe.

Nilikaa nao karibu saa nzima, na nilipoondoka kila mmoja alikuwa na haki nusu. Nusu iliyobaki ndiyo imenifanya niandike.

Tuanze na kazi ya huo mkono, kwa sababu wengi tunaupa sifa isiyo yake. Mkono ni wenzo tu, kama ule wa pampu ya kisima: safari ndefu ya kiganja inageuka safari fupi yenye nguvu kwenye vipini. Fishi yenye meno mengi ni ngumu kuisukuma, kila tundu linabana jino lake na mibano hiyo inajumlishana. Mkono unavuta magamba mawili yakutane sawasawa, unabana mpira wa kuzibia, kisha unazuia fishi isirudi nyuma kidogo kidogo kwa mtikisiko. Kwenye kinu cha kusaga, mtikisiko ni wa asubuhi hadi jioni.

Lakini mkono haubani meno yenyewe. Kwenye fishi za meno na matundu, anayebana jino ni springi iliyo ndani ya tundu. Springi ikilegea au ikiungua, unaweza kufunga mkono mpaka ulie "kak!" na bado umeme unapita kwa shida. Nikamwonyesha mwenye karakana jino la fezi ya pili la fishi yake: limebadilika rangi, kahawia kuelekea buluu, na tundu lake linacheza ukilitikisa kwa bisibisi. Ukipitisha amperi 80 kwenye mguso wenye ukinzani wa miliomu moja, unapata joto la wati 6 na ushee. Halitishi. Mguso huo ukichakaa ukafika miliomu kumi, joto linakuwa wati 64. Ni sawa na balbu ya zamani ya wati 60 inayowaka mchana kutwa ndani ya kisanduku kilichofungwa. Na mkono umefungwa vizuri kabisa.

Hapo mzee alitabasamu, akadhani nimehamia upande wake. Sikuhamia. Pete anazozisifu nazo hazibani meno. Isitoshe, nusu ya fishi zilizoungua nilizowahi kufungua mimi hazikuungulia kwenye meno, ziliungulia nyuma, pale waya unapoingia kwenye skrubu. Waya wa nyuzi nyingi usipovishwa kichwa chake cha shaba kabla ya kukazwa, nyuzi hulala, skrubu hulegea, joto huanza. Fundi anaangalia mkono, anasema "mbona imefungwa?", anafunga kifuniko.

Sasa tuje kwenye delestaji, yaani mgao wa umeme, maana ndiyo inayofanya mjadala huu uwe wa Lubumbashi na si wa kitabu cha Ujerumani.

Umeme wetu unatoka kwenye mabwawa ya Katanga, Nzilo, Nseke, Mwadingusha na Koni, na mwingine unatoka bwawa la Inga, mbali kwenye Mto Kongo, kwa ile laini ya kilomita kama 1,700 inayoishia Kolwezi, iliyokamilika mwaka 1982. Unatoka pia Zambia. Migodi inakunywa kwanza, sisi tunafuata. Kwa hiyo karakana ndogo inaishi kwa miguu miwili, SNEL, shirika la umeme la taifa, na grupu, yaani jenereta. Swichi halisi ya kubadilisha kutoka huku kwenda kule ni ghali, basi watu wamejitafutia njia: ukutani prizi (soketi) mbili, moja ya SNEL na moja ya grupu, na kebo ya karakana ina fishi moja. Umeme ukikatika, unachomoa huku, unachomeka kule.

Ukweli ni kwamba njia hiyo ina akili. Fishi moja haiwezi kuingia prizi mbili kwa wakati mmoja. Grupu yako haiwezi kusukuma umeme kurudi kwenye nyaya za mtaani, pale ambapo fundi wa laini amepanda nguzo akijua hakuna kitu. Linganisha na ile kebo ya laana yenye fishi za meno pande zote mbili, ambayo baadhi yetu tunaichomeka kwenye prizi ya nyumba "kupandisha" umeme wa grupu. Upande mmoja ukiwa ndani, meno ya upande wa pili yanabaki nje, uchi, yana volti kamili. Kwa hiyo sikumwambia mwenye karakana aache mtindo wake wa prizi mbili.

Ila mtindo huo umeigeuza fishi kuwa kitu kinachofunguliwa mara tatu, nne kwa siku. Na hapa mkono una faida kubwa kuliko pete. Mtu aliyechoka, mikono ina grisi, giza limeingia, pete ataikaza nusu. Mkono hauna nusu, ama umenasa ama haujanasa, na unaona kwa macho. Nilimwambia mzee hivyo, akanyamaza kidogo, kisha akatoa jibu ambalo sikuwa nalo.

"Ikiwa rahisi kufungula, watafungula na moto ndani. Kata kwanza kura, njo unafungula. Nani atakata?"

Kura ni mkondo wa umeme, na moto ni umeme wenyewe. Hakuna aliyemjibu. Fishi nyingi za mkono, zikiwemo zile za familia ya Han ambazo kampuni ya Harting ilianza kuziuza mwaka 1956 na sasa zinaigwa dunia nzima, hazikutengenezwa kukata umeme ukiwa unatumika. Kanuni ya kimataifa IEC 61984 inatenganisha kabisa kiunganishi chenye uwezo wa kukata na kisicho nao, na hicho kisicho nao hakitakiwi kuchomolewa mzigo ukiwa unapita. Ukikichomoa hivyo, mwali wa umeme unaruka kati ya jino na tundu. Kwenye umeme wa kawaida wa hezi 50 mwali unapata nafasi ya kufa mara mia kwa sekunde, kwa sababu mkondo unapita sifuri. Hata hivyo kila mara unakula ngozi ya jino. Ngozi ikiliwa, mguso unachemka: ndiyo ile rangi ya kahawia niliyoiona. (Wanaoanza kufunga sola wasikilize: umeme wa betri na paneli haupiti sifuri. Mwali wake ukishika, unakaa.)

Na hatari si ya kuchomoa tu. SNEL inapokatika hakuna mzigo, unachomoa salama. Inaporudi ndipo balaa. Grupu inanguruma, kinu kinasaga unga wa bukari (ugali) wa watu, kijana anaona taa ya jirani imewaka, anakimbia kubadilisha ili kuokoa mazuti, yaani dizeli. Anafungua mkono kinu kikiwa kazini: mwali wa kwanza. Anachomeka upande wa SNEL, swichi ya motor imebaki kwenye "washa": mwali wa pili, mkubwa zaidi. Motor ya kilowati 15 inakula amperi kama 30 ikiwa kazini, lakini ikianza kwa kuunganishwa moja kwa moja huvuta mara tano hadi saba ya hapo, amperi 150 hadi 200, na mzigo wote huo unapita kwenye ncha za meno yaliyogusana milimita chache. Pete ya kuzungusha ingemchelewesha sekunde kumi, pengine angekumbuka. Mkono haumcheleweshi. Mzee alikuwa sahihi.

Fishi za mviringo za kanuni ya IEC 60309, za amperi 63 na 125, zina jawabu la fumbo hili, na huku kwetu karibu kila mara linaharibiwa. Katikati zina jino dogo la pailoti, fupi kuliko mengine. Ukianza kuchomoa, hilo linaachana kwanza na kuiambia kontakta, swichi inayoendeshwa na sumaku ya umeme, ikate umeme, na meno makubwa yanapoachana hakuna kitu ndani. Jino la ardhi ni kinyume chake: linaingia la kwanza, linatoka la mwisho. Mara ngapi nimekuta pailoti halina waya hata mmoja? Siwezi kuhesabu. Kontakta inahitaji nyaya mbili za ziada, na nyaya za ziada ni pesa, basi kinabaki kishimo cha mapambo.

Ziko njia nyingine. Kuna prizi zenye swichi ya kuzungusha ndani yake, ambazo fishi haitoki mpaka swichi iwe kwenye "zima". Kuna zile ambazo Marechal ya Ufaransa inaziita dekontakta: mguso wake si wa jino kuingia tundu bali wa ncha za fedha na nikeli zinazosukumana uso kwa uso kwa springi. Ukibonyeza kitufe, fishi inaruka nyuma yenyewe na mwali unazimikia ndani ya chumba chake. Migodini zipo. Kwa karakana ya kusaga mahindi, bei yake inamfanya mtu aulize kama umekuja kumsaidia au kumfilisi.

Kuhusu vumbi na mvua sitakaa sana. Kuanzia Mei hadi Septemba vumbi letu jekundu linaingia hata kwenye saa ya mkononi, na kuanzia Novemba mvua inapiga kwa ubavu. Ganda la mkono lenye mpira mzima linabana sawasawa kuliko kifuniko cha springi cha prizi za bei nafuu. Mikono miwili inabana vizuri kuliko mmoja kwenye ganda refu, ingawa mmoja unafunguka kwa kiganja kimoja. Mpira ukitoka, hesabu hiyo yote inafutika, na chubu ya baiskeli haijawahi kuirudisha.

Hoja ya mzee niliyoiheshimu zaidi ilikuwa ya vipuri. Mkono ukivunjika ukiwa upande wa fishi, unabadilisha ganda la fishi mezani na kazi inaisha. Ukivunjika upande wa ukutani, unafungua sanduku lote, unatoa nyaya na karakana inalala. Na sokoni nakala zimejaa, zenye umbo lilelile na mkono wa plastiki unaokatika ukifika mwezi wa tatu. Njia yangu ni sumaku: meno mazuri ni ya shaba nyekundu au shaba ya njano, hayavutwi. Sumaku ikishika jino, rudisha dukani hata kama muuzaji anakuita mkubwa mara kumi.

Basi mwenye karakana nilimpa ushauri ambao haukumfurahisha yeyote. Mashine za kuchomelea na kompresa hazihamishwi, fishi zao zinafunguliwa pengine mara mbili kwa mwaka. Mkono wa nini? Zibaki na za mviringo, pesa iende kwenye vichwa vya waya na bisibisi ya kukaza kwa kipimo. Ile fishi ya SNEL na grupu iwe ya mkono, mpya, mkono uwe upande wa fishi na si ukutani. Lakini isifungwe kabla ya kuweka disjonkta, yaani swichi kuu inayojikata yenyewe, juu ya kila prizi, na kinu kipate kontakta inayoangukia "zima" umeme ukipotea, isijiwashe yenyewe hadi mtu abonyeze kitufe. Disjonkta mbili na kontakta moja zilimgharimu zaidi ya fishi.

Alilalamika bei hadi nje ya geti. Wiki iliyofuata alinunua, akaomba kitu kimoja ambacho mimi wala mzee hatukuwa tumekiwaza: mkono wenye tundu la kufuli. Sasa kufuli iko pale, na ufunguo umefungwa kwa kamba kwenye mpini wa disjonkta ya grupu. Kamba ni fupi, haifiki kwenye fishi mpaka mpini uwe umeshushwa. Mzee ndiye aliyepima kamba.