Dawa ya Kurudisha Nguvu za Paja Baada ya Upasuaji wa Goti: Inatibu Nini Hasa?

Mgonjwa aliyepandikizwa ligamenti ya mbele ya goti (mojawapo ya kamba ngumu zinazoshikanisha mifupa ya goti) siku chache zilizopita amelala chali, taulo iliyokunjwa ikiwa chini ya goti lake, na anaambiwa abane paja ili aikandamize taulo ile. Anakunja uso, anauma meno, lakini pia ya goti haisogei hata kidogo. Hata pale kipandikizi kilipochukuliwa nyuma ya paja, na msuli wa mbele haukuguswa na kisu, amri ya kukaza huwa kama imepotelea njiani.

Hali hiyo ndiyo inayofanya swali la dawa liwe gumu kuliko linavyoonekana. Watu wengi huuliza kama kuna kidonge au sindano ya kurudisha nguvu za paja, wakidhani kwamba tatizo ni msuli uliosinyaa tu. Kusinyaa kupo kweli, na yeyote anayeyapima mapaja mawili kwa futi ya fundi cherehani wiki kadhaa baada ya upasuaji atauona. Lakini goti lililovimba hupeleka kwenye uti wa mgongo ishara zinazozipunguzia kasi neva za msuli wa paja, kiasi kwamba maji ya mililita 20 hadi 30 yakiingizwa ndani ya goti lenye afya huanza kudhoofisha sehemu ya ndani ya msuli huo. Dawa inayojenga nyama haiondoi maji hayo.

Wanaotetea dawa wana hoja nzito. Udhaifu wa paja unaweza kudumu miaka hata kwa mtu aliyefanya mazoezi kwa bidii, na nguvu zisizolingana kati ya miguu miwili zimehusishwa na kuumia tena. Katika utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2017, wanaume 13 waligawanywa, baadhi wakapewa testosteroni, homoni ya kiume, kwa wiki nane kuanzia kabla ya upasuaji. Wiki sita baada ya upasuaji, waliopewa homoni hiyo walikuwa wameongeza wastani wa kilo 2.7 za mwili usio mafuta, ilhali wenzao hawakuongeza chochote. Mtu akiishia hapo, atasema dawa imepatikana. Nguvu, hata hivyo, ziliongezeka katika mguu usioumia, na mguu uliofanyiwa upasuaji haukuonyesha tofauti ya kuaminika. Kwa maoni yangu, hilo ndilo somo kubwa la utafiti ule: nyama iliongezeka mwilini, ila mlango wa goti lililojeruhiwa ulibaki umefungwa.

Ningependa kuishia hapo, kwa kuwa inanipa ushindi rahisi, lakini homoni ya ukuaji inaharibu hesabu. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wanaume 19 wenye umri wa miaka 18 hadi 35, ambamo baadhi walidungwa homoni hiyo kwa wiki sita, kuanzia wiki moja kabla ya upasuaji. Miezi sita baadaye nguvu zao za kunyoosha goti zilizidi za wenzao kwa takriban asilimia 29, ingawa ukubwa wa msuli haukutofautiana. Kwa hiyo dawa yaweza kuongeza nguvu bila kunenepesha paja. Watu 19, hata hivyo, ni wachache mno kwa daktari kuanza kuandika cheti cha dawa, na waandishi wenyewe waliliita jaribio la awali.

Losartani, dawa ya zamani ya shinikizo la damu, inavutia kwa sababu nyingine: hupunguza makovu ndani ya msuli uliojeruhiwa, jambo lililoonekana kwa panya. Lakini msuli wa panya uliokatwa si msuli wa binadamu uliozimwa na goti, na dawa hiyo haifai kwa mjamzito. Kreatini, inayouzwa kwa wingi kama kirutubisho, ilijaribiwa kwa wagonjwa 60 na haikuonyesha faida ya nguvu.

Kwa mchezaji wa mashindano kuna kikwazo kingine. Testosteroni na homoni ya ukuaji zote zimo katika orodha ya dawa zilizopigwa marufuku na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli michezoni, hivyo bila kibali maalumu cha tiba anaweza kupona paja na kufungiwa kucheza. Zaidi ya hapo, kipandikizi hufuata kalenda yake. Katika miezi ya mwanzo hudhoofika kabla ya kukomaa, na paja likiwahi kupata nguvu linaweza kumshawishi mwenye goti arudi uwanjani kabla ya miezi tisa, muda ambao kuuvuka kumeonekana kupunguza majeraha mapya.

Ndiyo maana ningeanza na kuondoa uvimbe, kunyoosha goti kikamilifu na kuamsha msuli kwa umeme, kisha mazoezi mazito kwa kipimo, na dawa ningeiacha ndani ya majaribio yanayosimamiwa. Majaribio hayo yapanuliwe pia, kwa maana yale mawili ya homoni yaliwahusu wanaume peke yao, wakati katika michezo ya kugeuka ghafla ni wanawake wanaochanika ligamenti hii kwa kiwango kikubwa zaidi, na kwao testosteroni inaweza kuleta sauti nzito isiyorudi ilivyokuwa.