Sh30,000 za soja: dai la haki, mlango usio wake

Mapema 2024, Mamlaka ya Kudhibiti Usalama wa Kibinafsi (PSRA), chini ya Fazul Mahamed, iliagiza mlinzi wa Nairobi, yaani soja, alipwe angalau Sh30,000 kwa mwezi. Kampuni za ulinzi zikakimbilia kortini, agizo likasimamishwa. Mtaani hukumu ilikuwa fupi: matajiri wamewanyima masoja haki yao. Nusu ni kweli.

Tuzifungue hizo hela kwanza. Mshahara wa msingi ulikuwa Sh18,994.08, marupurupu ya nyumba Sh2,849.11, na saa za ziada Sh8,156.81. Zaidi ya robo, basi, ni malipo ya kazi ambayo soja anaifanya hata sasa. Kanuni za mishahara za sekta hii zinataja saa 52 kwa wiki, siku sita. Sasa mtazame wa geti la ploti: anaingia saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, na wa kumpokea akichelewa haondoki, maana kuacha geti ni kufutwa. Siku sita za hivyo ni saa 72. Zile 20 za juu zina malipo yake kisheria, Fazul aseme asiseme. Hapo kampuni hazina pa kujificha.

Ila kuhusu nani ana mamlaka ya kupanga mshahara, hoja ya kampuni ni nzito. Kima cha chini cha mshahara hutangazwa na Waziri wa Leba, kwa Sheria ya Taasisi za Leba ya 2007, mabaraza ya mishahara yakihusishwa. PSRA iliundwa na sheria ya 2016 isajili, itoe leseni na isimamie mafunzo. Mdhibiti akijitwika kazi ya waziri, wakili wa kampuni anapokea kesi iliyokwisha kuiva. Hilo ndilo linaloniudhi: dai la haki lilipitishwa mlango ambao ni rahisi kuufunga.

Kampuni husema pia kwamba mteja hatalipa. Si uongo. Tenda nyingi, za ofisi za umma zikiwemo, humwangukia mwenye bei ya chini (na serikali inaongeza VAT ya 16% juu ya ankara). Lakini bei hizo hazikushuka zenyewe. Kampuni ndizo zinazokatiana bei. Na mteja anayelipia ulinzi wa mchana na usiku kwa bei isiyotosha hata mishahara ya msingi ya walinzi wawili anajua saa za ziada hazimo humo. Kila asubuhi gari lake hufunguliwa geti na mtu yuleyule wa jana jioni.