Chupa Kumi na Mbili Kabatini

Chicago, 1931

Usiku wa manane niliamshwa na mlio kama wa risasi, na kwa kuwa mji huu una watu wanaouana kwa ajili ya pombe, nilikuwa nimekwisha kuingia chini ya kitanda kabla sijakumbuka kwamba nina mke. Mlio wa pili ulipotoka kabatini ndipo nilipoelewa kwamba sikuvamiwa na jambazi yeyote. Ni bia yangu mwenyewe iliyokuwa ikipasua chupa.

Nisihukumiwe haraka. Kabla ya tarehe 17 Januari 1920, siku pombe ilipopigwa marufuku Marekani nzima, nilikuwa mtu wa bilauri moja. Nikitoka kazini nilipita baa ya mtaani, nikatoa senti tano, nikapewa bia, na juu yake nikala mkate, jibini na mayai ya kuchemsha bila malipo, kwani ndivyo wenye baa walivyowavuta wateja (chumvi walikuwa hawaionei huruma, ili kiu isikatike). Waheshimiwa walipopiga marufuku pombe, hakuna hata mmoja aliyeyafikiria mayai yangu.

Sheria yenyewe ina matundu kuliko chujio. Inakataza kutengeneza, kuuza na kusafirisha pombe, lakini kuinywa haikatazi. Kwa hiyo matajiri waliojaza maghala ya nyumbani kabla ya siku ile waliendelea kunywa kihalali kabisa, ilhali mimi, karani niliyepanga vyumba vitatu pamoja na mama mkwe, mapipa ningeyaweka wapi? Padri ana divai yake ya altare. Mgonjwa huandikiwa wiski na daktari, painti moja kwa siku kumi, akaichukua duka la dawa. Nami nilikwenda. Daktari alinipima kwa makini, akanitangazia kwamba sina ugonjwa wowote, akanitoza ada yake. Tangu siku hiyo nikimsikia jirani akikohoa, roho huniuma kwa wivu.

Vilabu vya siri vipo, tena vingi, ila bei yake ni ya watu wasiouliza bei. Viwanda vya bia navyo, vile ambavyo havikugeukia aiskrimu, vilituletea kinywaji chenye kilevi kisichofika nusu ya asilimia moja, ambacho humlazimisha mtu kwenda msalani mara nne bila kumpa hata sababu moja ya kuimba. Halafu kuna matofali ya zabibu zilizokaushwa, yanayouzwa na onyo kwamba mnunuzi asije akayayeyusha katika maji na kuyaacha kabatini siku ishirini, maana yatageuka divai. Mke wangu, ambaye ni mpishi hodari, anasema hajapata kusoma maelekezo ya mapishi yaliyo wazi kama onyo lile.

Mimi nilichagua kopo la sharubati ya kimea, yaani nafaka iliyooteshwa ambayo ndiyo asili ya bia, kopo ambalo duka la vyakula huliuza mchana kweupe kwa waoka mikate, na kwa makopo yanayonunuliwa mtaani kwetu, tungekwisha kuuzungushia mji ukuta wa mikate. Mama mkwe, ambaye huhudhuria mikutano ya wanawake wanaopiga vita ulevi huko Evanston, aliusikia mtungi niliochachushia bia yangu ukinguruma.

“Ni unga wa mkate, mama,” nikamwambia.

Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akanywa vijiko vyake vitatu vya dawa ya neva, ambayo lebo yake inakiri kilevi kingi kuliko bia yoyote niliyopata kuionja, akalala usingizi wa pono.

Na serikali inajua. Mwezi Januari mwaka huu tume ya Bwana Wickersham, mwanasheria aliyeteuliwa na Rais Hoover kuchunguza utekelezaji wa sheria, ilitoa taarifa inayoeleza kwa kirefu jinsi sheria hii isivyotekelezwa, kisha ikashauri isifutwe. Mimi nikimpelekea mwajiri wangu hesabu za namna hiyo, nitalala bila kazi.

Basi, chupa ya saba ilipopasuka, mlango uligongwa. Nilimpa mke wangu saa yangu ya mfukoni, nikamwagiza awatunze watoto, nikaenda kufungua nikiwa nimenyoosha mikono tayari kwa pingu. Alikuwa mzee wa ghorofa ya chini, amelowa mabega, mkononi ameshika sufuria aliyokuwa ameikinga chini ya dari yake. Aliniambia kwa upole kwamba bia ningeingoja wiki moja zaidi kabla ya kuitia chupani, na kwamba sukari imezidi.