Mahindi Yamenisimamisha Darajani

Leo nimechelewa kazini dakika 20 kwa sababu ya mahindi. Ninaishi Rock Island, Marekani, ukingoni mwa mto Mississippi, na kazi iko Davenport, ng'ambo. Katikati kuna daraja la mwaka 1896 ambalo kipande chake huzunguka ili vyombo vipite. Kengele ikalia, vizuizi vikashuka, tukazima magari. Chini ikapita boti ikisukuma matishari yaliyofungwa pamoja kwa kamba za chuma, kila moja linabeba tani 1,500 hivi. Msafara wa matishari 15 hautoshi kwenye milango ya maji iliyo hapo, yaani chumba cha kupandishia na kushushia vyombo mtoni, basi hukatwa vipande viwili. Unangoja kipande cha kwanza, unangoja cha pili. Hakuna aliyepiga honi.

Nikiwa nimenuna, simu ikalia. Mdogo wangu, kutoka Katuba, mtaa wa Lubumbashi kwetu Kongo: "Yaya, bunga bulipanda tena." Yaani bei ya unga imepanda. Hasira ya daraja ikaisha palepale, ikaja nyingine ambayo haijaisha hadi sasa ninapoandika.

Hapa watu wanasimama ili mahindi yapite. Kwetu mahindi yanasimama ili shaba ipite.

Na msiniambie wenzetu walizaliwa wakiwa wamepangika. Miji ya huku ilipigania nafaka vikali. St. Louis ilikaa juu ya mto huuhuu, magunia yakiteremka kwake kwa meli za mvuke. Chicago haikuwa hata kwenye Mississippi. Mwaka 1848 ikapata mfereji wa kuifikisha huku kupitia mto Illinois, na mwaka huohuo wafanyabiashara wake wakaunda soko lao la nafaka. Kisha, mwaka 1856, reli ikavuka mto hapahapa Rock Island, daraja la kwanza la treni juu ya Mississippi. Siku 15 tu baadaye meli Effie Afton ikaligonga na kuwaka moto. Wenye meli wakashtaki, watu wa St. Louis nyuma yao. Wakili mmojawapo wa daraja alikuwa Abraham Lincoln, kabla hajawa rais. Baraza la mahakama likashindwa kukubaliana, treni zikaendelea kuvuka. Chicago ikaachana na magunia: nafaka ikapimwa, ikapewa daraja la ubora, ikamwagwa pamoja kwenye maghala marefu, na mwenye mali akaondoka na stakabadhi. St. Louis ikaachwa nyuma.

Watu walipelekana mahakamani juu ya njia ya nafaka! Sisi wa mto Lualaba tumeigombania lini? Treni ilifika Bukama, kando ya mto huo, mwaka 1918. Kutoka hapo hadi Kongolo mto unapitika, kilomita 645. Mahindi ya Malemba-Nkulu yako kandokando ya maji, na sisi Lubumbashi tunakesha macho yakiwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Najua mtakachosema. "Amekula mkate wa wazungu, sasa anatufundisha." Mimi sijasahau kitu. Mama yangu katika soko la Kenya, mtaa wa Lubumbashi, akiuma punje moja alijua kama mahindi yamekauka au yataota ukungu, na hakuna mkaguzi wa Chicago ambaye angemfundisha kazi hiyo. Ujuzi tunao. Ila punje aliyoiuma ilikuwa imetoka Zambia, kwa lori, kwa bei iliyopangwa na watu wasiotujua.

Mwingine ataniambia ardhi hii ilinyang'anywa. Ni kweli. Wasauk, wenyeji wa asili wa huku, walilima mahindi hapahapa hadi walipofukuzwa, na vita vya 1832 vikawamaliza nguvu. Sitetei hilo hata kidogo. Mwingine ataniambia mahindi mengi ya hapa ni ya kulisha nguruwe na kutengeneza mafuta ya magari. Ndiyo, na hapo ndipo roho inaniuma zaidi: chakula cha nguruwe kina mto unaochimbuliwa mchanga ili kina kisipungue futi 9, kina milango ya maji iliyojengwa miaka ya 1930 na bado inahudumiwa, na bukari, ugali wetu, ya watoto wa Katuba haina hata barabara ya kueleweka.

"Basi rudi ulime." Nikilima Bukama, nitayapitisha wapi?

Daraja lilipofunga nilivuka, nikaegesha gari, nikamtumia mdogo wangu pesa kabla sijaingia kazini. Nilimwambia anunue gunia zima, aachane na meka, kopo la kupimia, maana meka za siku hizi zimegongwa kitako hadi ndani. Akajibu kwamba gunia zima sokoni leo hakuna.