Nukta zikilingana usiseme umemaliza: taiming ya valvu kwenye Triumph 650

Fundi aliyekulia kwenye pikipiki za bodaboda anajua kwamba kuseti taiming ya valvu, yaani wakati wa valvu kufunguka na kufunga, ni kulinganisha nukta zilizopigwa kwenye gia. Nukta ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) itazamane na ya kamshafti (shafti yenye kamu zinazofungua valvu), kifuniko kirudi, mteja alipe. Kwa injini changa yenye vipuri vyake vya asili sina ugomvi na hilo. Ila pikipiki ya Triumph 650 iliyotoka Meriden, Uingereza, miaka ya 1960, imeshapita mikono mingi, na nusu ya kilichomo ndani huenda kilitoka kwenye injini nyingine. Kwa injini ya namna hiyo naona kufunga kwa nukta peke yake ni kubahatisha. Kamshafti ipimwe kwa sahani ya digrii, yaani bamba la mviringo lenye alama za digrii, kila injini inapofungwa upya, hata kama nukta zimekaa vizuri. Na ukishapima, ujue pa kuachia, maana kuna wanaohangaika na digrii moja ambayo injini hii haina uwezo wa kuwapa.

Ukifungua kifuniko cha kulia utakuta gia ya krenki yenye meno 25. Inasukuma gia ya katikati yenye meno 47, na hiyo ndiyo inayozungusha gia mbili za kamshafti, kila moja meno 50. Kamshafti ya mbele ni ya kutolea moshi, ya nyuma ni ya kuingiza. Hayo meno 47 yamewatesa wengi. Namba 47 haigawanyiki, kwa hiyo alama zikishaachana hazikutani tena zote kwa pamoja mpaka krenki izunguke mara 94. Mtu anafungua kifuniko, anazungusha injini mara mbili tatu, haoni alama zikilingana, anahitimisha kuwa aliyemtangulia alikosea. Anang'oa gia zilizokuwa sahihi na kuzirudisha vibaya. Usiguse kitu kabla hujapima.

Nukta zenyewe zinadanganya kwa njia kadhaa. Gia ya katikati ina alama zaidi ya moja, na kitabu cha mwaka na modeli ya pikipiki yako ndicho kinachosema ipi ni ya kamshafti ipi. Pili, kila gia ya kamshafti ina mifereji mitatu ya kii (kipande cha chuma kinachoishika gia kwenye shafti), na alama iliyopigwa inahesabika kwa mfereji mmoja tu. Aliyefungua kabla yako akiwa ameuhamisha mfereji bila kupiga alama yake, nukta zitalingana na taiming itakuwa nje. Tatu, kamshafti za kubadilishia, zile ambazo hazikutoka kiwandani, mfereji wake haukuchongwa mahali palepale kila mara. Kosa dogo kwenye mfereji linajizidisha mara mbili ukilisoma kwenye krenki, kwa sababu kamshafti huzunguka nusu ya mwendo wa krenki.

Kupima kunaanza na kujua pistoni iko juu kabisa wapi, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Kuingiza bisibisi kwenye tundu la plagi na kukisia hakutoshi. Kwenye injini hii mwendo wa pistoni ni mm 82, na krenki ikiwa digrii 5 kabla ya juu kabisa, pistoni imebakiza karibu mm 0.2 tu. Jicho halioni hiyo, na mkono hauisikii. Toa plagi zote mbili, chukua plagi kuukuu, ng'oa kauri yake na ufunge boliti yenye ncha ya mviringo katikati yake. Hicho ndicho kizuizi. Funga sahani ya digrii upande wa kushoto kwenye ncha ya krenki, pinda waya mgumu uwe mshale, weka gia ya nne na uzungushe kwa tairi la nyuma, polepole. Pistoni ikigusa kizuizi soma namba, rudi upande wa pili mpaka iguse tena, soma. Katikati ya namba hizo mbili ndiyo juu kabisa. Sogeza mshale usome sifuri hapo, kisha rudia mara moja kuhakikisha pande zote mbili zinasoma sawa. Toa kizuizi kabla ya kuendelea. Akisahau mtu akakanyaga kiki, pistoni itatobolewa.

Sasa valvu. Kitabu kinatoa namba za kufunguka na kufunga zikipimwa kwa nafasi ya tapeti (uwazi kati ya roka na shina la valvu) ya mm 0.5, ambayo ni ya kupimia tu. Ya kutembelea kwenye modeli ya Bonneville T120 ni mm 0.05 kwa valvu ya kuingiza na mm 0.10 ya moshi, injini ikiwa baridi. Nafasi ile kubwa imewekwa ili kuruka sehemu ya mwanzo ya kamu, ambayo huinua valvu taratibu mno. Hata hivyo njia hiyo siipendi. Valvu inapoanza kufunguka inajongea kidogo sana, kwa hiyo kosa la unene wa karatasi kwenye fila geji (vibamba vya kupimia uwazi) linaweza kukusogeza digrii kadhaa.

Afadhali upime kilele cha kamu. Weka dayali geji (geji ya saa inayopima mwendo mdogo) juu ya kikombe cha springi ya valvu, kupitia tundu la kifuniko cha roka, ukitumia ncha ndefu iliyosimama sambamba na shina la valvu. Zungusha mpaka valvu ifike mwisho wa kufunguka, weka geji sifuri. Rudi nyuma vya kutosha, kisha njoo mbele tu. Geji ikisoma mm 1 kabla ya kilele, andika digrii. Endelea, upite kilele, ikishuka mm 1 andika tena. Jumlisha, gawa kwa mbili. Ukipitiliza namba usirudi kidogo tu na kusoma, rudi robo mzunguko na uje mbele upya, la sivyo ule ulegevu kati ya meno ya gia utaingia kwenye hesabu.

Kamshafti ya kuingiza ya T120 kitabuni inafungua digrii 34 kabla ya pistoni kufika juu na kufunga digrii 55 baada ya kupita chini kabisa. Jumla ni 34 na 180 na 55, yaani 269. Nusu yake ni 134.5, toa 34, kilele kinapaswa kuwa digrii 100.5 baada ya juu. Kamshafti ya moshi ilibadilishwa kati ya mwaka na mwaka, hivyo chukua namba za injini yako na ufanye hesabu ileile.

Tuseme geji imekupa 68 na 144. Wastani ni 106, kamshafti imechelewa digrii 5.5. Jino moja kati ya 50 ni digrii 14.4 kwenye krenki, hiyo ni kubwa mno. Ndiyo maana kuna mifereji mitatu. Mifereji imeachana kwa meno 16 na theluthi mbili, kwa hiyo ukihamia mfereji wa jirani na kuhesabu meno 17 umesogea theluthi ya jino, digrii 4.8. Ile 106 inakuwa 101.2, na hapo acha. Hatua ndogo kuliko 4.8 haipo kwenye gia hizi, kwa hiyo ukiwa ndani ya digrii 2.4 za lengo umefika mwisho wa unachoweza kupata bila kuchonga kii maalumu. Ukihamisha mfereji na kipimo kikaenda upande usiotaka, tumia ule mwingine. Kisha piga alama yako mpya na ufute ya zamani, usimwachie fundi ajaye fumbo.

Kufungua gia kuna mitego yake. Nati za kamshafti ni za kushoto, zinafunguka kwa kuzungusha kulia, na waliozikaza zaidi wakidhani wanafungua ni wengi. Nati ya kamshafti ya kuingiza ndiyo inayoendesha pampu ya oili, kwa hiyo pampu itoke kwanza. Gia zenyewe zimebana kwenye shafti, tafuta pula, kifaa cha kuzivutia. Usizichokonoe kwa bisibisi dhidi ya ukuta wa aluminiamu.

Kamshafti ikisogezwa, au pistoni zikiwa za kubadilishia, pima nafasi kati ya valvu na pistoni. Bandika plastisini juu ya pistoni, paka valvu oili isinate, funga hedi na gasketi kuukuu, zungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikikwama popote, simama. Fungua, kata plastisini kwa wembe na upime palipo pembamba. Chini ya mm 1.5 kwa valvu ya kuingiza au mm 2 kwa ya moshi, mimi siwashi. Usiridhike kwa kuangalia pistoni ikiwa juu kabisa tu, maana valvu na pistoni hukaribiana zaidi digrii kadhaa kabla au baada ya hapo.

Ukirudisha tapeti kwenye nafasi ya kutembelea, bado taiming ya moto, yaani wakati wa plagi kutoa cheche. Kwenye injini hizi za kuanzia 1963 kontakti pointi (swichi inayoamua cheche itoke lini) zinaendeshwa na ncha ya kamshafti ya moshi. Ukiisogeza kamshafti hiyo hatua moja, moto nao umesogea digrii 4.8 za krenki. Moto useti mwisho, sahani ya digrii ikiwa bado imefungwa.