Nilimuomba msamaha kiroba cha mchele

Wadau, kabla hamjaendelea kuisambaza ile voisi ya shosti wangu (namjua, nitamkuta Dar), ngoja niseme mwenyewe. Sikumtelekeza mume wangu mlimani. Nilimsahau. Ni vitu viwili tofauti na hata mbele ya hakimu nasimama navyo.

Naandikia Mtae hapa, juu kwenye milima ya Usambara, siku ya tatu ya safari, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, ile Kilimanjaro tuliyoambiwa kukiwa kweupe unaiona kutokea huku mimi naona pamba tu. Mwenyewe kalala. Kalala kweli, nimehakikisha, nimemshika mguu.

Sasa. Mpango ulikuwa mimi niendeshe Dar mpaka Mombo halafu yeye achukue usukani kupanda Lushoto, kwa sababu milima ni ya wanaume. Maneno yake hayo. Tumetoka alfajiri, Chalinze, Segera, mambo safi, tunafika Korogwe tumekaa kunywa chai ndo likaibuka la laki mbili. Laki mbili ya bajeti ya safari kamkopesha mdogo wake wiki iliyopita na kakaa kimya, mimi nimejua pale pale nataka kulipa chai naangalia salio. Sikugomba. Nilisema "sawa". Wanawake wenzangu mnaijua ile sawa.

Mombo tukanunua kiroba cha mchele kilo 25 cha kumpelekea shangazi yake, buti imejaa mabegi basi kikalazwa siti ya nyuma. Mwanaume akashika usukani. Kwa asiyeijua ile njia, ni lami ila nyembamba, huku mwamba, huku korongo na maji unayasikia yanapiga kelele chini, halafu kuna kosta zinashuka zinapiga honi kabla ya kona, maana dereva ameshaamua kwamba wa kupisha ni wewe. Mombo mpaka Lushoto ni kama kilomita 33 tu lakini unakuwa umepanda kama mita 1,000. Kona ya tano mwanaume wa milima akaanza kumeza mate. Ya saba akaweka gari pembeni, jasho jembamba, midomo imekuwa ya kijivu, "endesha wewe kidogo nijinyooshe." Akavua viatu, akahamia nyuma, akajikunja pembeni ya mchele na kujifunika shuka la Kimasai gubigubi, yeye na mchele wake.

Soni nikasimama kununua peasi. Nikashuka kabisa maana mimi peasi nachagua moja moja, na bei tukavutana na yule dada weee, mpaka akaniongezea tatu. Narudi kwenye gari, natupa jicho nyuma, shuka liko pale pale, nundu iko pale pale. Nikawasha gari.

Toka Soni mpaka Lushoto mjini ni kama kilomita 15, na mimi nikaona ndo muda mzuri wa kuongea.

Nilianza kwa upole. "Hivi kweli, laki mbili?" Kimya. Ahaa, ananuna. Nikaongeza moto kidogo. Nikaingia kwa mdogo wake, nikatoka kwa mdogo wake nikaingia kwa mama yake (Mungu anisamehe), nikarudi mpaka kwenye kamati ya harusi na ile michango ambayo mpaka leo hesabu yake haijulikani. Kimya. Nyie, mume wangu ni mtu wa kujibu, ukimwambia leo jua kali atakwambia la jana lilikuwa kali zaidi. Leo hana neno! Nikajua nimeshinda. Ndoa ya miaka miwili, ugomvi wa kwanza nashinda, nikafungua dirisha ile baridi ya mlimani ikaingia, nikajisikia kama nimeapishwa.

Ushindi nao una ulevi wake. Nikaanza kumuonea huruma. Nikasema mume wangu, na mimi si malaika. Ile bampa ya mbele si dogo wa kuosha magari, ni mimi, niligonga geti letu wenyewe, na yule dogo ukamfokea bure, mimi nimesimama pale na sahani ya chapati nakuangalia. Machozi yakanitoka. Nikasema nisamehe. Nikasema ukimya wako unaniumiza kuliko maneno.

Nundu haikutikisika.

Hapo ndo simu yake ikaita, ipo pale mbele kwenye chaji. Namba ngeni. Nikaacha. Ikaita tena. Mara ya nne ile huruma yote imeisha, nikamwambia nundu, "Na huyu nani anakutafuta hivi? Haya lala, ngoja nikupokelee."

"Halo."

Sauti ya mdada. Laini. "Dada samahani, mumeo yuko hapa kwangu."

Naomba niirudie hii taratibu, maana ndo sehemu ambayo shosti kairuka. Mumeo. Yuko hapa. Kwangu. Masikio yalipata moto wadau, mkono uliokuwa kwenye usukani sikuusikia tena, nikawasha indiketa nikasogea pembeni pole pole kama mtu mwenye akili zake, nikavuta handbreki, nikauliza kwa ile sauti ya chini ya mtu anayetafuta kisu, "Mume wangu yupi?"

"Huyu mwenye soksi nyeusi. Kidole kimetoka."

Nikasema dada, usinichezee, mume wangu kalala hapa nyuma yangu.

Akanyamaza kidogo. Nyuma yake nasikia watu wanacheka, wengi. Akasema, "Hebu mwangalie vizuri."

Nikapeleka mkono nyuma bila kugeuka. Nikashika bega. Bega likasema chwaaa. Nikavuta shuka, kwanza ikatokea kona ya kiroba na ule uzi wa kushonea, halafu maandishi ya bluu, KILO 25. Mchele umelala zake chali umeyasikia yote. Ya mama mkwe, ya bampa, yote.

Mengine fupi tu. Wakati mimi nahangaika na peasi yeye kichefuchefu kilimzidi, kashuka mlango wa upande wa pili kwenda nyuma ya kibanda kutapika, anatoka anajifuta mdomo anaona taa za nyuma za gari lake zinaingia kona. Kakimbia na soksi. Soni nzima imemuona akikimbia na soksi. Nimegeuza kumfuata, kumbe kashapanda bodaboda, tumepishana njiani yeye anapanda mimi nashuka, kavaa kandambili za pinki za yule dada wa peasi aliyenipigia, kisigino chote kiko nje, na ndoo ndogo ya peasi mapajani kapewa ya pole. Bodaboda elfu tano nimelipa mimi. Ya laki mbili haijazungumzwa tena.

Jana tulipoaga kwenda kuangalia mandhari juu ya jabali la Irente shangazi katusindikiza mpaka getini kuniambia, "Kule ni genge, mwanangu, hesabu watu kabla hujawasha gari." Na ule mchele ndo aliupika usiku. Tumekaa mezani, mume wangu kachota wali, kauinua kijiko mbele ya uso kauangalia, akaniuliza taratibu, "Huyu mwenzangu ulikuwa unamwambia nini njia nzima? Maana yule dada anasema ulipopokea simu ulikuwa unalia."

Nikamjibu ni vumbi.

Kwenye lami.

Asubuhi nimemkuta kachuchumaa mbele ya gari anaipapasa bampa kwa kidole. Huku hayupo, msimtagi.