Arnold Bennett na daftari la kodi

Mwaka 1903, katika mkahawa mmoja wa Paris, aliingia mwanamke mzee, mnene, mikono imejaa vifurushi. Akaketi, akahama kiti, akahama tena, vifurushi vikimponyoka. Wahudumu wakaanza kumcheka, na wateja nao wakafuata. Kati ya waliokuwa wakila pale alikuwamo Arnold Bennett, Mwingereza wa miaka 36 kutoka Hanley, mji wa viwanda vya vyombo vya udongo. Kilichomshika ni wazo kwamba mama huyu naye aliwahi kuwa msichana mwembamba, pengine mrembo, na kwamba alizeeka kidogo kidogo, bila mwenyewe kutambua hata hatua moja. Mwaka 1908 wazo hilo lilitoka kama riwaya, The Old Wives' Tale.

Namtanguliza mama huyu kwa sababu shitaka lililomzika Bennett linasema hakujua kuwatazama watu.

Aliyemshitaki ni mwandishi mwenzake wa Uingereza, Virginia Woolf. Mwaka 1923 Bennett aliandika kwamba riwaya ya Woolf, Jacob's Room, imejaa werevu, lakini wahusika wake hawakai akilini mwa msomaji. Woolf akajibu, na jibu lake lililokomaa ni hotuba aliyoisoma Cambridge Mei 1924, ikachapishwa kwa jina Mr Bennett and Mrs Brown. Anasimulia alivyopanda treni ya kutoka Richmond kwenda Waterloo, akamkuta kwenye kona ya behewa mama mzee wa nguo zilizochakaa lakini safi. Akambandika jina la Bi Brown. Waandishi wa kizazi cha Bennett, asema, wangeingia behewa lile wakachungulia dirishani, wakakagua viti, wakaulizia viwanda na kodi za nyumba. Bi Brown mwenyewe wasingemtupia jicho. Ni insha tamu mno, na imefundishwa vyuoni kizazi baada ya kizazi. Wasomaji wengi wanamjua Bennett kwa njia hiyo tu, kama mtu aliyeshindwa humo.

Woolf ana haki katika mengi. Bennett aliandika kupita kiasi, na katika shajara yake alijumlisha maneno aliyoandika mwaka mzima kama mwenye duka anavyofunga hesabu. Vitabu vyake kadhaa vimekufa, na vilistahili kufa. Mwaka 1920, katika kitabu chake Our Women, alidai akili ya mwanamke haifikii ya mwanamume. Kwa hilo simtetei hata kidogo. Na njia aliyoidai Woolf, ya kuuingia moyo wa mhusika na kuufuata unavyowaza, ilileta riwaya yake Mrs Dalloway mwaka 1925. Hakuna anayeweza kusema alikuwa akipiga kelele tupu.

Tatizo langu ni ushahidi alioutumia. Alichagua Hilda Lessways, riwaya ya Bennett ya 1911, akasoma kurasa za mwanzo ambapo Hilda amesimama dirishani. Bennett anaeleza nyumba inayoonekana, mtaa ulivyo, nani anamiliki nini na kodi ni kiasi gani. Woolf analalamika kwamba tulitaka kuisikia sauti ya Hilda, tukaishia kumsikia Bennett akisimulia habari za kodi. Ni pigo zuri, na msomaji asiyeijua riwaya hawezi kujua kwamba kisa kimekatwa pale kilipokuwa kinaanza.

Maana kodi zile zina kazi. Mama yake Hilda ni mjane anayeishi kwa kodi za nyumba ndogo za Calder Street, zinazokusanywa na mzee mmoja, Skellorn. Mama anataka kumwondoa Skellorn azikusanye mwenyewe. Hilda anaona balaa linakuja: ugomvi na wapangaji, aibu mlangoni. Naye ni binti mzima, hana kazi, hana senti yake, siku zinampita bure. Basi anatoka kwa siri, bila kumwambia mama, anakwenda ofisi ya sheria kuomba ushauri kwa George Cannon. Kwa mara ya kwanza amejiamulia jambo zito peke yake. Na huyo Cannon ndiye atakayemwoa huku akimficha kwamba ana mke mwingine aliye hai, ndoa ambayo kwa sheria ya Uingereza ni batili. Mapenzi, kuvunjika moyo, mtoto, yote yametokana na lile daftari la kodi. Liondoe, na Hilda atabaki dirishani mpaka nywele ziote mvi.

Miaka mitano baada ya hotuba ile, katika insha yake A Room of One's Own, Woolf mwenyewe alisema mwanamke anayetaka kuandika anahitaji pauni 500 kwa mwaka na chumba chenye kufuli, kwa kuwa uhuru wa akili hutegemea mali. Nakubaliana naye neno kwa neno. Lakini Hilda ni nani, kama si msichana asiye na pauni hizo wala chumba hicho? Bennett alikuwa ameshamwandika mwaka 1911, kwa kuanzia palepale kwenye nyumba na kodi.

Na anayedhani jicho lake liliishia kwenye mali, arudi kwenye The Old Wives' Tale. Sophia Baines, binti wa duka la vitambaa, anatoroka na Gerald Scales, kijana mtanashati anayezunguka miji akiuza bidhaa. Gerald anamtelekeza Paris. Sophia anajisimamia, anaendesha nyumba ya wageni, anaweka akiba hata wakati Wajerumani wameuzingira mji mwaka 1870. Miongo inapita, karudi kwao Uingereza, siku moja anaitwa Manchester. Gerald yuko kitandani, amekufa, mzee aliyekonda, uso umechoka. Sophia anatafuta ndani yake chuki, anatafuta mapenzi, haoni kimojawapo. Kinachomvunja ni kwamba huyu aliwahi kuwa kijana, akazeeka, na sasa ni maiti. Na yeye anayemtazama amezeeka vilevile.

Aliyeandika ukurasa ule ndiye yule aliyemtazama mama wa vifurushi mkahawani, huku wengine wakicheka.